Ukingo Mweupe wa Nembo Unatoka Wapi

Nembo nyekundu imetolewa kwenye karatasi nyeupe, ikahifadhiwa kama PNG, ikawekwa juu ya bango la buluu. Hapo ndipo uzi mweupe unapojitokeza ukiizunguka. Mafundi wengi hukimbilia kulaumu mkato. Mkato hauna kosa; tatizo limo ndani ya pikseli za ukingoni.

Katika PNG ya rangi yenye uwazi, kila pikseli hubeba namba nne: nyekundu, kijani, buluu na alfa. Alfa ikiwa 0 pikseli haionekani kabisa, ikiwa 255 imeziba. (GIF haina nusu: ama ionekane, ama isionekane. JPEG haina uwazi hata kidogo.) Sasa tazama pikseli moja ya ukingoni, nusu nembo na nusu karatasi. Rangi yake ni 255, 128, 128, yaani pinki. Ukiipunguzia alfa hadi nusu bila kugusa rangi, weupe wa karatasi umebaki humo. Juu ya buluu tupu itatoa 128, 64, 192, wakati nyekundu safi ingetoa 128, 0, 128. Hiyo 64 ya kijani na buluu iliyozidi ndiyo mabaki ya karatasi.

Dawa ni kuitoa nyeupe kwa hesabu. Kwenye GIMP, "Color to Alpha" huigeuza pinki ile kuwa nyekundu kamili yenye alfa ya nusu. Chagua ukingo peke yake kwanza, la sivyo herufi nyeupe zilizo ndani ya nembo nazo zitatoboka. Kwenye Photoshop, ukishaikata nembo ikawa kwenye leya yake, tumia "Remove White Matte".

Kivuli cha nembo, ambacho nacho ni pikseli za nusu uwazi, kina mtego wake. Tangu toleo la 2.10 la mwaka 2018, modi ya kawaida ya GIMP huchanganya rangi kwa kipimo cha mwanga halisi. Photoshop, isipobadilishwa mipangilio, huchanganya namba zilivyo kwenye faili. Weusi wa nusu juu ya nyeupe hutoa takriban 188 kwenye GIMP na 128 kwenye Photoshop. Kivuli ulichokiona laini kwenye GIMP kinafika kwa mwenzako wa Photoshop kikiwa kizito. Ukijua kazi inakwenda Photoshop, hamia kundi la modi za "Legacy" kabla hujaanza kuchora kivuli.

Na kabla ya kumtumia mteja faili, weka chini ya nembo leya nyeusi, kisha ya rangi kali, ukague ukingo kwa asilimia 400.