Padri Ndani ya Msikiti: Uhakiki wa Filamu ya Kinyarwanda

Utangulizi

Inapotajwa miji ambamo watu wa dini mbalimbali huishi pamoja, wengi hufikiria Yerusalemu. Ndivyo walivyojibu wanafunzi wetu hapa Kabeza, wilaya ya Kicukiro, kabla hatujawaonyesha filamu tunayoihakiki katika makala haya. Hakuna hata mmoja aliyetaja Kigali, na hatuwalaumu. Kigali si mji wa kale wala mji mtakatifu. Ulianza mwaka 1907 kama kituo cha utawala cha Mjerumani Richard Kandt. Hata hivyo, mwaka 1994 nyumba za ibada za nchi hii zilipewa mtihani mzito, nao ulikuwa mmoja tu: mlango ufunguliwe kwa nani?

Filamu ya Kinyarwanda inahusu mtihani huo. Iliongozwa na Alrick Brown, Mmarekani mzaliwa wa Jamaika, kutokana na wazo la Mnyarwanda Ishmael Ntihabose. Ilionyeshwa mwaka 2011 katika tamasha la Sundance, Marekani, ikapata tuzo ya watazamaji kwa filamu za kimataifa. Swali letu ni hili: kwa mujibu wa filamu hii, ni kitu gani kiliwaunganisha watu wa dini tofauti? Na je, jibu hilo linatosha?

Maudhui

Filamu imesukwa kwa visa sita vinavyopishana, na msingi wake ni masimulizi ya watu walionusurika kwa kukimbilia Msikiti Mkuu wa Kigali wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Mufti anatoa fatwa inayowakataza Waislamu kushiriki katika mauaji. Msikiti unawapokea Watutsi, na pia Wahutu waliokataa kuua, Waislamu kwa Wakristo. Miongoni mwa wanaohifadhiwa yumo padri wa Kikatoliki.

Kwa maoni yetu, mhusika huyu padri ndiye kiini cha filamu. Amezoea kuwapokea wengine kanisani. Sasa ni yeye anayepokewa, tena na watu ambao pengine hakuwahi kuwadhania kuwa kimbilio. Mtazamaji wa Rwanda anaelewa mara moja uzito wa jambo hilo. Katika makanisa ya Nyamata na Ntarama, huko Bugesera, maelfu walikimbilia wakidhani kuwa watasalimika, wakauawa humo humo. Padri Athanase Seromba wa Nyange alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha, na mwaka 2008 rufaa ikampa kifungo cha maisha. Filamu haihitaji kuyasema haya yote. Uso wa padri unatosha.

Jibu la filamu, basi, ni kwamba watu waliunganishwa na neno la kiongozi wa dini. Hapa ndipo tunapotofautiana nayo. Fatwa ilikuwa na uzito, na waliookoka kwa ajili yake hawana budi kuikumbuka. Lakini amri ya kutoua ilikuwamo pia katika Biblia iliyosomwa makanisani kila Jumapili. Ikiwa amri moja ilisikilizwa na nyingine haikusikilizwa, sababu haiwezi kuwa amri peke yake. Tena si kila Mwislamu aliyeitii. Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura lililoeneza chuki, alikuwa Mwislamu, naye alihukumiwa na mahakama hiyo hiyo ya Arusha mwaka 2003. Filamu inawapita watu wa namna hii upesi mno, na kwa hiyo Waislamu wake wanakaribia kuwa malaika. Sifa ya namna hiyo haiwasaidii hata wanaosifiwa.

Kile ambacho filamu haikukichunguza ni historia ya mtaa wenyewe. Uislamu uliingia Rwanda pamoja na wafanyabiashara, askari na makarani wa zama za Wajerumani, na msikiti wa Al-Fatah huko Nyamirambo ulijengwa mwaka 1913. Wakati wa Wabelgiji, Waislamu walitengwa katika eneo la Biryogo lililoitwa Camp Swahili. Walikuwa mbali na vyeo, mbali na ardhi, wakaishi kwa biashara na kazi za mikono. Katika miaka ya 1930 Wabelgiji waliwapa Wanyarwanda vitambulisho vya Uhutu na Ututsi. Lakini kwa jirani zao, watu wa Biryogo walikuwa kwanza Waswahili. Waliuziana, wakaoana, wakazikana. Kwa hiyo neno la Mufti lilipotoka liliwakuta watu waliokwisha kuzoea kuishi hivyo. Tunaamini kuwa mazoea hayo ndiyo yaliyoipa fatwa nguvu.

Lugha

Kwa msomaji wa jarida hili, suala la lugha ni la lazima. Sehemu kubwa ya mazungumzo katika filamu ni Kiingereza, pamoja na Kinyarwanda. Kiswahili, lugha ya sokoni na mitaani ya Nyamirambo na Biryogo, hakikupewa nafasi yake. Huo ni udhaifu wa kifani: mtaa umeonyeshwa lakini sauti yake haisikiki.

Hata hivyo, sisi walimu wa Kiswahili tujihadhari na kishawishi cha kudai kwamba Kiswahili ndicho kilichowaunganisha watu hao. Wanyarwanda walikuwa, na bado wana, lugha moja inayozungumzwa na takriban kila mtu. Muuaji na aliyeuawa walizungumza Kinyarwanda. Redio ya RTLM iliyochochea mauaji ilitangaza kwa Kinyarwanda. Pengine hilo ndilo jambo chungu zaidi katika jina la filamu hii. Lugha moja haitoshi. Dini moja nayo haikutosha, kwani wengi wa waliouana walikuwa Wakristo.

Mfano wa Zura Karuhimbi wa Ruhango, aliyefariki mwaka 2018, unatufundisha zaidi. Bibi huyo, aliyejulikana kama mganga, aliwaficha watu zaidi ya 100 nyumbani kwake, akawatisha wauaji kwa kuwaambia kwamba wakiingia watapatwa na mizimu. Hakuwa na msikiti wala fatwa. Alichofanana nacho na imamu wa filamu ni kwamba aliyebisha mlangoni alikuwa mtu mwenye shida, na mlango ukafunguliwa. Wahenga walisema: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Methali hiyo haiulizi rafiki anasali wapi.

Filamu na darasa letu

Baada ya filamu, mwanafunzi mmoja aliyezaliwa Biryogo alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema kwamba alipokuwa sekondari alijifanya hajui Kiswahili, kwa sababu wenzake wakisema "Mswahili" walimaanisha Mwislamu, na mara nyingine mtu mjanja asiyeaminika. Hakuna aliyempinga; wote waliijua maana hiyo.

Mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Rwanda. Mara nyingi tunawaeleza wanafunzi faida zake kwa hoja za Jumuiya ya Afrika Mashariki, biashara na ajira. Hoja hizo ni za kweli, lakini hazimjibu mwanafunzi huyu. Yeye anahitaji kujua kwamba watu walioitwa kwa jina hilo la dharau walikuwa na milango iliyofunguliwa mwaka 1994, na kwamba jina analoliogopa lina historia nyingine.

Kwa hiyo tunawashauri walimu wenzetu waitumie filamu hii pamoja na udhaifu wake. Wanafunzi waulizwe padri angezungumza lugha gani na wenyeji wake msikitini, kisha waliandike upya onyesho moja kwa Kiswahili cha Nyamirambo. Halafu warudi katika mitaa yao, Kabeza na kwingineko, wawaulize wazee ni nani huwasaidia wakati wa msiba, na msaidizi huyo ni wa dini gani. Mwanafunzi wetu wa Biryogo ameshaomba kuanza na bibi yake.