Haja ya Mja na Jawabu la Mola: Uchambuzi wa Visa Vinne vya Fasihi ya Ibada ya Wahindu

Waumini wa dini nyingi huomba mvua, watoto, afya, mali na amani. Kwa sababu hiyo fasihi ya ibada hukabiliwa na swali gumu: Mungu huyajibuje matamanio ya binadamu? Akimpa mja kila atakacho, je, hatakuwa mtumishi wa tamaa za mja huyo? Na akimnyima, kuna maana gani kumwita mwenye huruma? Katika makala haya tutalichunguza swali hilo katika fasihi ya Wahindu, hasa ile iliyozaliwa na bakti, yaani njia ya kumwendea Mungu kwa mapenzi na utiifu wa moyo.

Msingi wa fikra hizi umo katika Bhagavad Gita, mazungumzo ya Krishna na shujaa Arjuna kabla ya vita. Sura ya pili yaonya kwamba tamaa huzaa hasira, na hasira humpofusha mtu hata akaangamia. Hata hivyo, sura ya saba yawataja waja wa aina nne: mwenye dhiki, mwenye kutafuta elimu, mwenye kutaka mali, na mwenye hekima. Yafaa tuangalie kwamba Krishna hamfukuzi hata mmoja wao. Wote huwahesabu kuwa ni watu wema, ingawa mwenye hekima ndiye aliye karibu naye zaidi. Basi haja si dhambi. Kwa watu wengi ndiyo mlango wa kuingilia. Linalobaki kuulizwa ni iwapo mja ataishia mlangoni.

Swali hilo limejibiwa kwa njia ya visa katika Bhagavata Purana. Kisa cha kwanza ni cha Dhruva, mtoto wa mfalme, mwenye umri wa miaka mitano. Alitaka kupakatwa na baba yake, mama wa kambo akamzuia na kumtukana. Kwa uchungu akaenda msituni kumwomba Vishnu cheo kikubwa kuliko vyote. Vishnu akamtokea, akamwahidi ufalme, na baadaye makao katika nyota ya Kaskazini isiyohama. Dhruva alipewa alichotaka na zaidi ya hapo, lakini alirudi nyumbani akiwa na majuto. Alikwisha kumwona Mungu mwenyewe, na mbele yake cheo alichokililia kilionekana kitu duni. Hapa Mungu hakumnyima mtoto haja yake. Alimpa, na katika kumpa akamkuza kupita haja hiyo.

Kisa cha pili ni kinyume chake. Prahlada alikuwa mwana wa mfalme wa asura, jamii ya mahasimu wa miungu. Baba yake alimtesa kwa sababu alimwabudu Vishnu. Mungu alipomwua mfalme huyo na kumwambia Prahlada achague tuzo, kijana alikataa. Kwa maoni yake, mtu anayetumikia ili apate ujira si mtumishi bali ni mfanyabiashara. Alipozidi kusihiwa, aliomba tamaa isiote moyoni mwake, kisha akamwombea msamaha baba yule yule aliyemtesa.

Kisa cha tatu chajulikana sana. Ni cha Brahmani maskini ambaye mapokeo humwita Sudama, aliyesoma pamoja na Krishna utotoni. Mkewe, akiona njaa nyumbani, alimsihi aende kwa rafiki yake ambaye sasa ni mtawala wa Dwarka. Akaomba kwa majirani konzi chache za pepeta, akazifunga katika kitambaa ziwe zawadi. Krishna akamwosha mgeni miguu, akaila pepeta kwa furaha. Sudama aliona haya, hakuomba kitu, akaondoka mikono mitupu. Njiani alijiambia kwamba huenda amenyimwa mali kwa huruma, isije ikamlevya. Alipofika kwake, alikuta jumba la fahari mahali pa kibanda.

Hapa yampasa mhakiki awe macho. Msomaji aweza kusema kwamba kisa hiki chamfundisha maskini kukaa kimya akingoja jumba lishuke kutoka mbinguni. Hoja hiyo ina uzito, wala haifai kupuuzwa. Kisa hakielezi kwa nini mtu mwenye elimu alikosa chakula katika nchi yenye wafalme matajiri. Aidha, majirani waliotoa pepeta yao wanasahauliwa, ingawa bila wao kusingekuwa na zawadi. Lakini tusimsahau mke. Yeye ndiye aliyeitamka njaa ya nyumba ile, na hakuna mahali alipolaumiwa kwa kuitamka. Unyenyekevu wa Sudama na ujasiri wa mkewe ni sehemu mbili za dua moja.

Pengo la majirani tunaona likizibwa katika kisa cha nne, kinachohusu mtu wa historia. Narsinh Mehta, mshairi wa Kigujarati wa karne ya 15, aliishi Junagadh. Alikuwa Brahmani, na mapokeo yasimulia kwamba watu wa tabaka lake walimdharau kwa kuimba ibada katika nyumba za watu waliohesabiwa kuwa najisi. Siku moja mahujaji waendao Dwarka walitaka hundi, ili wasichukue fedha katika njia yenye wezi. Watu wa mzaha wakawaelekeza kwa Narsinh, fukara asiye na akiba. Narsinh akapokea fedha zao, akaandika hundi ya kulipwa na Krishna, na fedha akazitumia kuwalisha wengine. Krishna akajigeuza mfanyabiashara, akailipa hundi hiyo. Katika karne ya 17 mshairi Premanand alivitunga upya kwa Kigujarati kisa hiki na kile cha Sudama.

Neno hundi tunalijua. Lilitufikia katika biashara ya Pwani na Wahindi, nasi tunalitumia benki hadi leo. Je, Narsinh hamgeuzi Mungu kuwa mchuuzi, jambo alilolikataa Prahlada? Sivyo. Mchuuzi hutoa kitu ili apate kitu. Hundi husimama juu ya amana: mwandikaji aamini kwamba aliye mbali ataliheshimu jina lake. Narsinh hakununua neema. Aliitegemea kwa ajili ya matumbo ya watu wengine, na hapo ndipo haja yake ilipolingana na mapenzi ya Mola wake.

Kwa ufupi, visa hivi vyapaswa kusomwa pamoja. Anayesoma Sudama peke yake aweza kujifunza uvivu, na anayesoma Prahlada peke yake aweza kuwadharau wenye njaa. Vikisomwa pamoja vyaonyesha Mungu apokeaye haja ya mja jinsi ilivyo, kisha akaipanua hata iwaingize watu wengine. Mwalimu atakayevifundisha awaulize wanafunzi wake, katika kila kisa, nani aliyeomba, aliomba kwa ajili ya nani, na ni nani walioachwa nje ya jawabu.