Tarakimu Tatu, Maelfu ya Picha: Kampeni ya 350 Ilivyopangwa

Oktoba 17, 2009, Rais Mohamed Nasheed wa Maldives aliitisha kikao cha baraza la mawaziri chini ya bahari. Mawaziri walijifunga mitungi ya hewa, wakazama karibu na kisiwa cha Girifushi na kuketi kwenye meza zilizopangwa kwenye sakafu ya bahari. Waliwasiliana kwa ishara za mikono, kisha wakatia sahihi tamko la kuzitaka nchi za dunia zipunguze gesi zinazoongeza joto. Yote yalichukua takriban nusu saa. Hapakupitishwa sheria wala bajeti. Kilichotafutwa ni picha, na ilipatikana: viongozi wa nchi ambayo ardhi yake iko wastani wa mita 1.5 tu juu ya bahari, wakiongoza serikali kutoka mahali ambapo nchi yao inaweza kuishia.

Wiki moja baadaye, Oktoba 24, watu wa kujitolea katika nchi 181 waliandaa matukio zaidi ya 5,200 ya kudai hatua za tabianchi kwa siku moja. Kila tukio lilizaa picha, na karibu kila picha ilibeba namba ileile: 350.

Waliobuni mpango huo hawakuwa na fedha za matangazo ya televisheni. Walikuwa mwandishi wa Kimarekani Bill McKibben, aliyetoa kitabu cha The End of Nature mwaka 1989, na vijana saba kutoka Chuo cha Middlebury, Vermont. McKibben amesimulia mara nyingi jinsi walivyogawana kazi: vijana walikuwa saba na mabara ni saba, basi kila mmoja akachukua bara lake. Aliyeangukiwa na Antaktika akaongezewa intaneti.

Ni rahisi kusema kampeni hiyo ilifanikiwa kwa sababu ya intaneti. Ukichunguza namna kazi ilivyogawanywa, utaona kwamba siri ilikuwa kwenye maelekezo waliyopewa watu wa kujitolea.

Uamuzi wa kwanza ulihusu ujumbe. Mwaka 2008 mwanasayansi James Hansen na wenzake walichapisha utafiti uliopendekeza kwamba kaboni dayoksaidi hewani irudishwe hadi sehemu 350, au chini ya hapo, katika kila milioni. Wakati huo kiwango kilikuwa kimeshapita 380. Kwa msomaji wa kawaida hiyo ni takwimu kavu, lakini kwa msanii wa mabango ni zawadi. Tarakimu hizo huandikwa vilevile Lima, Delhi na Addis Ababa, hazihitaji mkalimani, na mtoto wa darasa la kwanza anaweza kuzichora. Kampeni ikaifanya namba hiyo kuwa jina lake.

Uamuzi wa pili ulikuwa kupunguza ukubwa wa kazi. Mtu aliyejitolea hakuombwa kutengeneza filamu wala kuandika makala. Aliombwa akusanye watu mahali panapotambulika, aiweke namba 350 ionekane wazi, apige picha na kuituma. Fundi wa kamera aliweza kuonyesha ufundi wake, na asiye fundi hakuharibu kitu. Maelfu ya wanafunzi waliandamana Addis Ababa. Umati ulijipanga ngazini mbele ya jumba la Opera la Sydney. Wanajeshi wa Marekani waliokuwa Afghanistan waliiandika namba hiyo kwa mifuko ya mchanga.

Picha iliyosema mengi kuliko zote ilitoka Bahari ya Chumvi. Waisraeli walijipanga ufukweni kwao wakaunda tarakimu 3, Wapalestina wakaunda 5, na Wajordani wakaunda 0. Hakuna aliyelazimika kuvuka mpaka. Namba ilikamilika pale tu picha tatu zilipowekwa pamoja, na ndipo mchango wa mhariri wa picha unapoonekana. Picha moja peke yake ni watu waliosimama ufukweni. Zikiunganishwa zinakuwa hoja ya kisiasa: adha ya mabadiliko ya tabianchi haiangalii mpaka, na jirani akikosa tarakimu yake hesabu nzima imeharibika.

Uamuzi wa tatu ulihusu njia ya picha kufika kwa watazamaji. Picha zilipandishwa kwenye mtandao wa Flickr, zikachaguliwa kadiri saa zilivyosonga kutoka mashariki kwenda magharibi, na nyingine zikaonyeshwa kwenye skrini kubwa za Times Square, New York, siku hiyohiyo. Mhariri wa gazeti aliyekuwa akitafuta picha ya habari hiyo alikuta ghala limejaa. Wahamasishaji wengi hupiga picha nzuri, zikabaki kwenye simu zao mpaka habari imechacha.

Mwaka uliofuata kipimo cha ufundi kilipanda. Kati ya Novemba 20 na 28, 2010, kuelekea mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa huko Cancún, kampeni iliandaa michoro mikubwa ya ardhini iliyokusudiwa kupigwa picha na setilaiti za kampuni ya DigitalGlobe. Santa Fe, Marekani, watu zaidi ya 1,000 waliingia kwenye mto uliokauka wakiwa na vitu vya rangi ya buluu, wakaurudishia maji kwa rangi tu. Delhi, wanafunzi zaidi ya 3,000 waliunda umbo la tembo. Katika delta ya mto Ebro, Hispania, msanii Jorge Rodríguez-Gerada alitengeneza uso wa msichana ardhini, mkubwa kiasi cha kuonekana kutoka angani.

Kazi ya namna hii ina masharti ambayo mpigapicha wa kawaida hayajui. Picha za setilaiti zilizouzwa kwa umma wakati ule zilikuwa na nukta moja kwa kila sentimita 50 za ardhi. Mtu mmoja aliyesimama, akitazamwa kutoka juu, anajaza nukta moja kwa shida. Mstari wa watu waliopanga foleni unapotea kabisa. Mstari wenye upana wa mita 5 unapata nukta 10, na hapo jicho linaanza kuona umbo. Ndiyo maana turubai, mashuka na maboksi yaliyopakwa rangi hufaa kuliko fulana: mtu mmoja akiinua boksi kubwa anafanya kazi ya watu watatu. Rangi nayo lazima ipingane na udongo. Buluu juu ya mchanga mkavu inasomeka, kahawia inamezwa.

Muda hauna mjadala. Setilaiti nyingi za aina hiyo hupita asubuhi, karibu saa nne na nusu, na haziwezi kusubiri mgeni rasmi amalize hotuba. Wingu likitanda, siku imekwenda. Kwa hiyo mpangaji makini huweka pia kamera nyingine juu ya jengo au kwenye helikopta. Kamera hiyo ya pembeni ina hila yake: kwa kuwa inatazama kwa mshazari, sehemu ya mchoro iliyo mbali huonekana imebanwa, na ni lazima irefushwe ardhini ili ionekane sawa pichani. Mchoro hupimwa kwanza kwenye karatasi ya miraba, kisha huhamishiwa uwanjani kwa vigingi, kamba na chokaa, kabla watu hawajaitwa kusimama.

Je, yote hayo yalizaa nini? Mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Copenhagen Desemba 2009 uliisha bila mkataba wenye nguvu ya kisheria, ingawa nchi zaidi ya 100 zilikuwa zimeunga mkono lengo la 350. Leo kiwango cha kaboni dayoksaidi kimepita 420. Kasoro haikuwa kwenye picha. Namba 350 ilimwambia kila mtu kuna tatizo, lakini haikumtaja mtu yeyote anayetakiwa kuamua kitu fulani kufikia siku fulani.

Wanaharakati wenyewe waliliona hilo, na miaka iliyofuata walielekea kwenye miradi yenye anwani. Katika Afrika Mashariki, 350Africa, tawi la kampeni hiyo barani Afrika, iliungana na wanaopinga bomba la mafuta ghafi la EACOP, lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Ujumbe wao uliyalenga mabenki na mashirika ya bima kwa majina. Kadhaa yalitangaza kutoshiriki, ingawa ujenzi uliendelea. Mfano mwingine ni wa Lamu, ambako mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 ulifutiwa leseni na Mahakama ya Mazingira ya Kenya Juni 26, 2019, na sababu mojawapo kuu ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kwenye mgogoro wa aina hiyo, rekodi yenye tarehe ya mkutano wa kijiji inaweza kuwa na uzito kuliko umati uliopigwa picha kutoka angani.

Kwa mbunifu wa picha, video au mabango wa Mombasa, Tanga au Kampala anayetaka kujitolea, funzo la 2009 bado linafaa, likiongezewa kile kilichokosekana. Kabla hajawasha kamera, awaombe waratibu mambo matatu kwa maandishi: jina la mwenye uamuzi, tarehe ya kikao chake, na picha ipi inatakiwa kumfikia kabla ya siku hiyo.