Kinasasauti Begani: Tahakiki ya Filamu "Chronique d'un été"

Filamu tunayoihakiki hapa ilipigwa mjini Paris katika kiangazi cha mwaka 1960, ikaoneshwa katika tamasha la Cannes mwaka 1961. Watungaji wake ni wawili: Jean Rouch, mtaalamu wa mila na desturi za watu ambaye alikuwa amekwisha kupiga filamu kadhaa Afrika Magharibi, na Edgar Morin, mwanasosholojia. Wahakiki wengi wameisifu kwa ajili ya kamera yake nyepesi. Sisi tulio walimu wa lugha tumeitazama kwa masikio zaidi kuliko kwa macho, na rai yetu ni kwamba mzigo wake mzito umebebwa na chombo kingine, nacho ni kinasasauti cha Nagra.

Hatuna budi kukieleza chombo hicho, maana wanafunzi wetu wa leo hawajapata kukiona. Stefan Kudelski, mzaliwa wa Poland aliyehamia Uswisi, aliunda Nagra ya kwanza mwaka 1951. Ilitiwa ufunguo kwa mkono kama saa ya ukutani, na jina lake kwa Kipolandi lina maana ya "itanasa". Nagra III, iliyotoka mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950, ilitumia transista na betri 12 kubwa za tochi, na mwendo wa mota yake ulidhibitiwa barabara, hata sauti isiburure wala isikimbie. Kabla yake, sauti iliyofaa sinema ilihitaji mitambo ya kubebwa na gari. Sasa mtu mmoja aliweza kuitundika begani kwa mkanda akaenda zake. Utepe, hata hivyo, ulikuwa na kikomo. Mita 360 zikienda kwa sentimita 19 kwa sekunde huisha baada ya nusu saa na ushei, na hapo lazima usimame ubadili kigurudumu. Yamkini kikomo hicho kiliwafundisha watu wa wakati ule kusikiliza kabla ya kunasa, jambo ambalo simu zetu hazitufundishi.

Sehemu ya mwanzo ya filamu ndiyo mashuhuri, nasi twaiona kuwa ndiyo dhaifu. Wanawake wawili, Marceline na Nadine, wanawasimamisha wapita njia na kipaza sauti mkononi, wakiwauliza kama wana furaha maishani. Wengine wanapita bila kujibu, wengine wanatupa neno moja. Lugha tunayoipata hapo ni ile ya mtu aliyeshtukizwa: fupi, ya adabu au ya ukali, isiyo na mtu ndani yake. Swali kubwa namna ile haliulizwi barabarani. Hata kwetu, anayetaka kujua hali ya mtu huanza kwa hodi, na baada ya hodi huketi.

Kisha kinakuja kile tulichokuwa tukikingoja bila kujua. Marceline Loridan, yule yule aliyekuwa akiuliza, anatembea peke yake katika uwanja wa Concorde. Mwaka 1944, akiwa binti mdogo wa Kiyahudi, alipelekwa pamoja na baba yake katika kambi za Wanazi huko Auschwitz na Birkenau. Yeye alirudi, baba hakurudi. Sasa amevaa koti, Nagra iko begani, kipaza sauti kidogo kimebanwa kifuani. Kamera imo ndani ya gari dogo linalosogezwa mbele yake, mbali kiasi kwamba walio garini hawayasikii maneno yake. Hakuna anayemhoji. Anasema na baba yake, kwa sauti ya chini, maneno yakikatika na kuanza upya, anakumbuka walivyokutana kambini, anakumbuka alivyorudi kwa watu wa nyumbani bila yeye. Halafu tumo katika soko la Les Halles, ambalo lilibomolewa miaka ya 1970, chini ya paa lake kubwa la chuma. Gari linazidi kwenda mbele, Marceline anazidi kuwa mdogo hadi anakuwa alama nyeusi tu kwenye mwanga, lakini sauti haiondoki. Imebaki sikioni mwetu, karibu kama pumzi.

Tuliirudia sehemu hiyo mara nne. Macho yanasema amekwenda, masikio yanakataa. Hilo lisingewezekana kama chombo kingekuwa mikononi mwa mhoji. Aliyekibeba ndiye aliyesema, akaamua mwenyewe wapi pa kunyamaza. Fasihi simulizi tunayoifundisha madarasani hunaswa kinyume cha hivyo: msimulizi huketishwa, chombo huwekwa mezani mbele yake, na mkusanyaji hushika kitufe.

Kuna jambo lazima tulilaumu. Siku moja wahusika wameketi mezani kwenye baraza ya jumba la makumbusho la Musée de l'Homme, pamoja na vijana kutoka Afrika. Wanazungumza juu ya Kongo, iliyokuwa imepata uhuru tarehe 30 Juni mwaka ule ule, na juu ya ubaguzi. Ghafla Rouch anawauliza vijana hao kama wameiona namba iliyochanjwa mkononi mwa Marceline, na kama wanajua maana yake. Mmoja anakisia kuwa ni namba ya simu. Ndipo wanaelezwa, na nyuso zao zinabadilika mbele ya kamera. Rouch alijua jibu kabla ya kuuliza. Kutojua kwa mgeni kumetumiwa kama kiberiti cha kuwashia kipindi cha sinema, na jeraha la mwenyeji limetumiwa kama kuni. Mwalimu akimfanyia mwanafunzi hivyo mbele ya wenzake, tungemwita ofisini.

Hata hivyo watungaji hawa walifanya jambo la haki ambalo wakusanyaji wengi hawalifanyi: waliwaonesha wahusika filamu yao, kisha wakayaacha mabishano yao yabaki ndani ya filamu. Wengine walisema humo mna uongo, wengine walisema mna ukweli uliovuliwa nguo kupita kiasi. Mwishoni Rouch na Morin wanatembea kati ya makabati ya makumbusho wakijadiliana kama Marceline, aliyesema mwenyewe kwamba alikuwa akiigiza, aliigiza kweli pale uwanjani. Kwa msomaji wa Ulaya hilo ni fumbo. Kwetu si geni. Mtambaji wa ngano hubadili sauti, hulia, huzimia, na hadhira haimuulizi kama analia kweli. Marceline alihitaji jukwaa ili aweze kumtamkia baba yake yale ambayo mezani yasingetoka.

Mwaka jana wanafunzi wetu walikwenda kwa bibi mmoja kunasa visa vya zamani. Walimwekea simu karibu na mdomo, naye akaanza kuhutubia kama yuko mbele ya tarafa: tarehe, majina ya machifu, shukrani kwa viongozi. Tulirudi juma lililofuata tukamwomba aifunge simu mwenyewe kwenye pindo la kanga na aendelee na shughuli zake. Nusu ya sauti ni kitambaa kikisuguana na kuku wakifukuzwa. Nusu iliyobaki alisema na dada yake aliyefariki. Tulipomsikilizisha alicheka, akanyamaza, akatuagiza tufute mahali fulani. Wanafunzi walitutazama, maana hapo ndipo palipokuwa pazuri kuliko pote. Tulipafuta mbele yake.