Kukagua Alumini Iliyopigwa Mistari

Amplifaya za Pioneer na Marantz za miaka ya 1970 zina bamba la mbele la alumini lenye mistari myembamba iliyolala upande mmoja, ukingo hadi ukingo. Bamba la namna hiyo usilikague chini ya taa ya darini, maana taa hiyo huficha mengi. Lipeleke dirishani, mwanga uliguse kwa mshazari, kisha ulizungushe polepole. Mistari iliyo sawa hung'aa pamoja na kufifia pamoja. Likibaki baka linalong'aa peke yake, mkono ulipinda hapo, au msasa mpya uliingia kazi ikiwa nusu.

Katikati ya bamba hata mwanagenzi hupapatia. Nenda kingoni. Fundi hodari huanza kusukuma msasa nje ya kipande na kumalizia nje, tena hukibana kati ya mabaki mawili yenye unene uleule ili msasa usiinamie ukingo. Aliyesimamisha msasa ndani ya kipande huacha vijistari vilivyojikunja mwishoni. Kisha tazama matundu: mkia kama wa kimondo nyuma ya tundu ni dalili kwamba makali yake hayakuondolewa, au mkono ulikandamiza mno.

Mkwaruzo mmoja mrefu, wa kina kuliko wenzake, mara nyingi chanzo chake ni alumini yenyewe. Ni laini, unga wake huganda kwenye msasa na kuwa vidonge vinavyochimba. Mafuta ya taa kidogo au maji ya sabuni husaidia, lakini msasa uliojaa hutupwa tu. Na anayeruka kutoka namba 80 hadi 320 huacha mikwaruzo ya kwanza ikichungulia chini ya mipya. Stilwaya siipendi kabisa kwenye kazi hii: vipande vyake hubaki usoni na baadaye hutoa madoa ya kutu.

Wengi hudhani anodaizi itafunika makosa. Haifuniki. Gamba la oksidi linalokuzwa kwa umeme ndani ya asidi ya salfuriki huwa la maikroni chache tu, na hufuata kila mkwaruzo. Kabla yake, alumini ikikaa mno kwenye kostiki soda, mistari hupoteza ukali. Tena bati lina mwelekeo wake tangu kiwandani lilikoviringishwa. Vipande viwili vya seti moja vilivyokatwa kwa mielekeo tofauti huweza kutoka na rangi zisizolingana, hata kama msasa ulipita vizuri.

Kwa mabamba ya zamani, soma maandishi. Kwa kawaida yalichapwa juu ya mistari, kwa hiyo aliyepiga msasa upya ameyafuta pia. Ukiona mistari mikali na wino mnene, kazi imerudiwa. Mimi hulipa zaidi kwa bamba lenye mikwaruzo ya uzee na herufi zake za kiwandani.