Meli, Samaki na Ngeli: Uhakiki wa Hoja ya Usanifu

Utangulizi

Miongoni mwa hoja zinazotolewa kuthibitisha kuwapo kwa Mungu, huenda hakuna inayopendwa na watu wengi kama hoja ya usanifu. Kwa ufupi inasema hivi: vitu vyenye utaratibu na vinavyotimiza lengo haviwezi kujitokea vyenyewe, ulimwengu una utaratibu wa namna hiyo, kwa hiyo ulimwengu una msanifu. Hoja hii ina watetezi wa dini mbalimbali. Ibn Rushd, aliyefariki mwaka 1198, aliiita dalili ya inaya, yaani ya uangalizi. Thomas Aquinas alitoa mfano wa mshale usioweza kufika shabahani bila mpiga upinde. Naye kasisi Mwingereza William Paley, katika kitabu chake cha mwaka 1802, alitoa mfano wa saa iliyookotwa nyikani.

Katika makala hii fupi tunakusudia kuihakiki hoja hiyo kwa mifano ya Bandari ya Bujumbura na ziwa lake. Tutachunguza pia maneno ya Kiswahili tunayoitumia kuieleza, kwani kwa maoni yetu sehemu ya ushindi wa hoja hii imefichwa ndani ya maneno.

Mfano wa meli

Anayesimama bandarini hahitaji saa ya Paley, meli inatosha. Chukua MV Liemba, meli maarufu kuliko zote za Ziwa Tanganyika. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa katika makasha yapatayo 5,000 hadi Kigoma, ikaunganishwa tena na kushushwa majini mwaka 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916. Iliibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927 kwa jina jipya.

Hakuna mwenye akili timamu atakayedai kwamba makasha hayo yalijipanga yenyewe. Hapo Paley ana haki. Hata hivyo, David Hume, katika majadiliano yaliyochapishwa mwaka 1779, miaka mitatu baada ya kifo chake, alikuwa amekwisha kuutumia mfano wa meli kwa namna nyingine. Meli nzuri, alisema, hutufanya tumwone seremala wake kuwa mtu wa ajabu, kumbe huenda ameiga tu ufundi uliokua kwa karne nyingi za kujaribu na kukosea. Liemba inathibitisha jambo hilo: imepita katika mikono ya mafundi wengi, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa mjuzi wa yote. Basi mfano wa meli ukifuatwa mpaka mwisho, hautufikishi kwa Mungu mmoja mkamilifu. Unaweza kutufikisha kwa mafundi wengi wenye kubahatisha. Aidha, tunajua meli huundwa kwa sababu tumeona zikiundwa. Hakuna aliyeona ulimwengu mwingine ukiundwa ili alinganishe.

Mfano wa samaki

Mtetezi wa hoja atatuambia tuache meli, tutazame majini. Katika ziwa hili wamo samaki wa jamii ya siklidi zaidi ya spishi 200, na karibu wote hawapatikani kwingine duniani. Mmoja wao, Perissodus microlepis, hula magamba ya samaki wenzake. Mdomo wake umepinda upande: baadhi wamepinda kulia, wengine kushoto, ili kila mmoja avizie ubavu unaomfaa. Je, huu si usanifu?

Mtafiti Mjapani Michio Hori alieleza mwaka 1993 kwamba idadi ya pande hizo mbili hupanda na kushuka ikikaribia nusu kwa nusu. Waliopinda upande mmoja wakiwa wengi, samaki wanaowindwa hujihadhari zaidi na upande huo, na wale wa upande wa pili hupata chakula kwa urahisi na kuongezeka. Usawa upo, na sababu yake inaonekana bila kumtaja mpangaji. Hapa ndipo samaki anapoachana na meli: samaki huzaa, tena watoto wasiofanana kabisa, na mazingira huchuja. Hilo ndilo jibu la Darwin la mwaka 1859, ambalo Paley hakuwahi kulisikia.

Tatizo la lugha

Sasa tuje katika uwanja wetu. Katika vitabu vya sayansi tunaandika “viumbe hai”. Lakini kiumbe ni kilichoumbwa, na kilichoumbwa kina muumba. Mwanafunzi anayeambiwa athibitishe kama viumbe vina muumba amepewa jibu ndani ya swali. Kitenzi chenyewe ni cha mfinyanzi: linganisha na Kirundi, ambamo kubumba ni kufinyanga udongo, ilhali Muumba huitwa Rurema, kutokana na kurema.

Neno usanifu nalo lina mtego huo huo. Tunapendekeza mwalimu atenganishe utaratibu, yaani kile kinachoonekana, na usanifu, yaani nia inayodaiwa kuwa nyuma yake. Hoja ianze na la kwanza, kisha ifanye kazi ya kulifikia la pili.

Walimu wa lugha tuna mfano mzuri wa tofauti hiyo. Kiswahili Sanifu kina wasanifu wanaojulikana: kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930, iliyofuata lahaja ya Kiunguja. Lakini ngeli na upatanisho wake, ambao ni utaratibu wa kustaajabisha zaidi, haukuamuliwa na kamati yoyote. Ulikua katika vinywa vya wasemaji. Mtetezi anaweza kujibu kwamba wasemaji wana akili. Ni kweli, ila hakuna aliyekusudia mfumo huo.

Hitimisho

Hoja haijafa. Richard Swinburne, katika kitabu cha mwaka 1979, aliihamisha kutoka kwa samaki hadi kwenye sheria za maumbile zenyewe: kwa nini ziwepo, tena ziwe sahili hivyo? Uchujaji wa Darwin haujibu swali hilo, kwa sababu nao unazitegemea sheria hizo. Huo ndio upande wenye nguvu zaidi leo, ingawa pingamizi la Hume kuhusu kukosa ulimwengu wa kulinganisha bado limesimama.

Limebaki pia suala la maovu. Katika mji uliopitia vita vilivyoanza mwaka 1993, na ambao bandari yake iliingiliwa na maji ya ziwa mwaka 2024, mwanafunzi atauliza msanifu huyo alikusudia nini. Asinyamazishwe. Kuivunja hoja moja hakuthibitishi kwamba Mungu hayupo, na wengi wanaomwamini hawakuanza kwa hoja. Mzazi anayemwita mtoto Hakizimana, yaani Mungu ndiye aponyaye, hakukagua kwanza utaratibu wa ulimwengu. Anatumaini. Tumaini na ithibati ni vitu viwili, na ni wajibu wa mwalimu kumpa mwanafunzi neno la kila kimoja.