Sherehe ya Picha: Vitabu vya Michoro ya Filamu za Kisayansi na Suala la Pumzi

Mhakiki yeyote wa ushairi wa Kiswahili anaifahamu sherehe: ile sehemu iliyo mwishoni mwa diwani au utenzi ambamo mhariri hufafanua maneno magumu na kueleza asili yake. Katika mazungumzo ya kila siku, neno hilo hilo humaanisha karamu na shangwe. Makala haya yanadai kwamba maana hizi mbili hushindana ndani ya utanzu ambao haujahakikiwa vya kutosha katika Afrika Mashariki, yaani vitabu vya picha vinavyoandamana na filamu za bunilizi ya kisayansi na kukusanya michoro iliyochorwa kabla ya kamera kuanza kazi. Mifano miwili itajadiliwa: Black Panther (2018), filamu ya Marekani yenye kitabu cha aina hiyo, na Pumzi (2009) ya Wanuri Kahiu, mzaliwa wa Nairobi, ambayo haina.

Yafaa kwanza kuondoa dhana kwamba vitabu hivi ni bidhaa za kuwauzia mashabiki tu. Michoro ya Ralph McQuarrie ilisaidia kuishawishi kampuni ya 20th Century Fox kuigharamia Star Wars; ilipokusanywa katika The Art of Star Wars mwaka 1979, msomaji aliweza kuona ni nani aliyeubuni ulimwengu ule na ni mambo gani yaliyoachwa njiani. Mwaka huo huo H. R. Giger alichapisha kitabu kuhusu kazi yake katika Alien. Mfano ulio bayana zaidi ni Dune ya Alejandro Jodorowsky. Katikati ya miaka ya 1970, michoro ya Moebius, Giger na Chris Foss ilitiwa katika kitabu kinene kilichopelekwa kwa kampuni za Hollywood. Filamu haikutengenezwa, kitabu kikabaki. Kwa hiyo kitabu cha michoro si mkia wa filamu. Ni matini yenye fani yake: rasimu, maelezo mafupi chini ya picha, jina la mchoraji, na mpangilio unaomfanya msomaji aione filamu kama hatima ya lazima ya michoro hiyo.

Fani hiyo ndiyo inayopaswa kuchunguzwa katika kitabu cha Black Panther kilichoandikwa na Eleni Roussos. Wakanda imewekwa Afrika Mashariki, lakini watu wake huzungumza Kixhosa. Maandishi yake yametokana na nsibidi ya kusini-mashariki mwa Nigeria. Mablanketi ya walinzi wa mpakani ni ya Wasotho. Na mavazi ya Dora Milaje yamechukua wekundu wa Wamaasai na pete za shingoni za Wandebele. Hannah Beachler, aliyesanifu mandhari, na Ruth Carter, aliyebuni mavazi, walifanya utafiti mpana na wakatunukiwa Oscar mwaka 2019 kwa haki. Hata hivyo, jinsi asili inavyotajwa katika utanzu huu inazua tatizo. Mchoraji hutajwa kwa jina lake. Anayeigwa hutajwa kwa jina la kabila lake. Mchoraji ni mtu, na Mmaasai ni rangi. Mhariri wa utenzi anapoandika katika sherehe kwamba neno fulani ni la Kiamu, humwezesha msomaji kwenda Lamu akaulize. Maelezo ya picha yanayotaja kabila bila kutaja fundi, mahali wala mwaka hayampeleki msomaji popote. Hapo sherehe ya ufafanuzi hugeuka kuwa sherehe ya shangwe.

Pumzi inafuata njia nyingine. Filamu hii ya dakika 20 hivi, iliyopigwa Afrika Kusini kwa msaada wa Goethe-Institut na wafadhili wengine, na kuonyeshwa katika tamasha la Sundance mwaka 2010, inasawiri Afrika Mashariki miaka 35 baada ya vita vya tatu vya dunia, vita vya maji. Mwanzoni tu mtazamaji huonyeshwa lebo inayofafanua neno la Kikuyu, maitu, yaani mama, na kulichambua kuwa "ukweli wetu". Mwanaisimu anaweza kuutilia shaka uchambuzi huo, lakini jambo la kuzingatia ni kwamba filamu imejiandikia sherehe yake kwa lugha ya nyumbani. Asha, mhusika mkuu, ni mtunzaji wa makumbusho. Anapopelekewa udongo na mtu asiyejulikana, kazi yake ya kwanza ni kuupima. Anapoomba ruhusa ya kutoka nje, Baraza humkatalia. Askari huyavunja makumbusho, naye hutoroka akiwa na mbegu. Maudhui ya filamu, basi, ni hatima ya maarifa pale hifadhi inapoharibiwa.

Kinaya ni kwamba filamu yenyewe haina hifadhi ya namna hiyo. Mwanafunzi wa uzamili katika Chuo Kikuu cha Nairobi anayetaka kujua ni nani aliyeuchora mji ule uliofungwa, au ni mandhari gani yaliyoachwa, hana kitabu cha kufungua. Yaweza kudaiwa kwamba filamu fupi haihitaji kitabu, na kwamba kazi ya sanaa ijisimamie. Hoja hiyo ina uzito, lakini tenzi nazo zilijisimamia zilipoghaniwa, na bado sherehe ndizo zilizowawezesha wasomaji wa mbali kuzihakiki.

Aidha, si kweli kwamba mbinu haipo. Osborne Macharia, mpigapicha kutoka Kenya, alitengeneza mfululizo wa picha uitwao Ilgelunot mwaka 2018 kwa ajili ya Black Panther, akiwasawiri wazee wa Kimaasai. Kawaida yake ni kuandamanisha picha na historia ya kubuni, kama ile ya mabibi waliowahi kuwa viongozi wa serikali na makampuni katika miaka ya 1970. Historia hizo ni za uongo, lakini humpa anayepigwa picha wasifu, kazi na hila zake. Mzee wa Macharia si rangi.

Kinachohitajika si kitabu cha karatasi ya kung'aa. Rasimu za wasanii wa Kilimani na Lavington, zikiandamana na mahojiano na tarehe, zinaweza kuchapwa kijitabu cha rangi nyeusi na nyeupe kwa wachapaji wa River Road. Kila picha itaje aliyeichora, fundi aliyeigwa, na mahali alipofanyia kazi. Bila ya hayo, wahakiki wa kesho watajifunza sura ya Afrika Mashariki ya baadaye kutoka katika kitabu cha Wakanda peke yake.